Oili Chafu Ikimwagwa Haipotei



Asubuhi moja wakati wa masika, mkulima mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu akiwa na chupa ya maji mkononi. Aliiweka mezani pangu akasema, "Bwana Karani, tazama." Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi nyingi kama upinde wa mvua. Maji yale aliyateka katika chemchemi inayotumiwa na nyumba yake na nyumba tatu za majirani. Ng'ombe wake walikuwa wakiyanusa na kurudi nyuma, na maziwa yake yalikuwa yamekataliwa mara mbili na chama cha ushirika kwa ajili ya harufu.

"Ni wale mafundi wa sokoni," alisema kwa hasira. "Wana mashine ya kukereza chuma, na maji yake meupe huyamwaga mtaroni. Nataka Serikali iwashtaki."

Bwana Shamba alimjibu, "Twende kwanza tukaangalie." Nilikwenda pamoja nao. Tuliyafuata maji kutoka chemchemini, tukapanda kilima. Ni kweli mafundi walikuwa wakimwaga maji machafu mtaroni, lakini mtaro ule ulishukia upande wa pili wa kilima, kwa watu wengine. Juu ya chemchemi yenyewe, kama hatua sitini hivi, palikuwa na shimo lenye udongo mweusi unaong'aa. Shimo lile lilikuwa la mkulima mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa akimwaga humo oili ya trekta yake na ya injini ya kusagia posho.

Alisimama kimya kitambo, kisha akasema, "Mimi nilidhani udongo huinywa ikaisha."

Wengi wetu twadhani hivyo. Kwa hiyo mwezi huu nataka tuzungumze habari za oili chafu: ni kitu gani, ikimwagwa inakwenda wapi, na yafaa tuifanye nini.

OILI CHAFU NI KITU GANI?

Skimu zilipoanza kugawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni mwaka wa 1962, wakulima wenye mashine walikuwa wachache. Siku hizi mambo ni mengine. Kuna trekta, kuna injini za posho, pampu za maji, jenereta, na pikipiki za boda boda karibu katika kila njia panda. Injini ya trekta ya kawaida hubeba kama lita 7 au 8 za oili, na giaboksi pamoja na haidroliki hubeba nyingi zaidi. Pikipiki hubeba kama lita moja. Oili hiyo yote lazima ibadilishwe, na ikitolewa lazima iende mahali.

Oili mpya ni ya rangi ya asali. Ile itokayo katika injini ni nyeusi kwa sababu imebeba masizi ya moto, chembe za chuma, shaba na risasi zilizosagika, pamoja na dawa zilizotiwa kiwandani ili kuzuia kutu na kulika kwa vyuma. Tena kwa kuungua mara nyingi imepata sumu nyingine ambazo haikuwa nazo dukani. Baadhi ya sumu hizo huleta saratani ya ngozi. Huko Uingereza, katika viwanda vya nguo vya Lancashire, wasokotaji wa pamba ambao nguo zao zililowa oili ya mashine mwaka baada ya mwaka walipatwa na saratani hiyo. Nayo ilikuwa oili ya mashine tu, haikuwahi kuungua ndani ya injini.

MAJI MEUPE YA MAFUNDI

Fundi akereza ekseli au shafti ya pampu yako, chuma hupata moto mkali. Ili kisu cha mashine kisiungue, humwagiwa maji meupe yanayofanana na maziwa. Maji hayo ni mchanganyiko: kwa kawaida sehemu 5 hadi 10 za oili maalum katika kila sehemu 100, na zilizobaki ni maji. Ndani yake mna pia sabuni ya kuunganisha oili na maji, dawa ya kuzuia kutu, na dawa ya kuua vijidudu.

Maji haya yakikaa huoza. Vijidudu huyala, na fundi akifungua karakana Jumatatu baada ya mashine kupumzika, husikia harufu kama ya yai viza. Hapo ndipo huyamwaga na kuchanganya mengine.

Mtu akiyaona ni meupe na mepesi hudhani hayana madhara kama oili nyeusi. Hilo ni kosa. Oili nyeusi huelea juu ya maji, waweza kuiona, hata kuikusanya kidogo. Lakini haya meupe yamekwisha kuunganishwa na maji kwa sabuni. Yakiingia mtoni huenda pamoja na maji, juu na chini, wala huwezi kuyatenga. Vijidudu vya mtoni huanza kuyala, na katika kula kwao humaliza hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki wakikosa hewa hufa, ingawa maji yaonekana kuwa masafi tena.

OILI INAKWENDA WAPI?

Fanya jaribio hili nyumbani, na watoto watazame. Usitumie oili chafu; mafuta kidogo ya kupikia yatosha.

Chukua makopo mawili, yatoboe chini, uyajaze udongo mkavu wa shamba. Katika kopo la kwanza usitie kitu. Katika la pili mimina vijiko vitano vya mafuta, uache mpaka kesho. Kisha mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo. Katika la kwanza maji yatazama vizuri. Katika la pili yatasimama juu, na yakipenya yatapitia kando kando, na utaona matone ya mafuta yakitoka chini pamoja nayo.

Jaribio hili lakufundisha mambo mawili. Kwanza, mafuta hufunika kila chembe ya udongo, kwa hiyo maji na hewa haviingii. Mbegu ikipandwa hapo haioti, au ikiota hugeuka manjano, kwa maana vijidudu vya udongo vinavyojaribu kula mafuta hutumia naitrojeni ambayo ingeliwa na mmea. Pili, mafuta hayakai mahali pale ulipoyamwaga. Kila mvua huyasukuma chini kidogo, mpaka yafike kwenye maji yaliyo ndani ya ardhi. Ndiyo maana oili iliyomwagwa mwaka juzi yaweza kutokea chemchemini mwaka huu.

Sasa tupige hesabu. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Injini ya posho inayovuja tone moja kila sekunde, ikifanya kazi saa 8 kwa siku, humwaga matone 28,800, yaani karibu lita moja na nusu. Kwa siku sita za kazi ni zaidi ya lita 8. Mtu anayeona matone tu hawezi kudhani kwamba kila wiki amemwaga oili ya kutosha trekta nzima, na ameinunua kwa fedha zake.

Tena fikiri: idara ya kulinda mazingira ya Marekani huwafundisha watu wake ya kwamba oili inayotolewa katika gari moja, kwa kuibadilisha mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi.

MJI ULIOHAMWA KWA AJILI YA OILI

Wako watu ambao wakati wa kiangazi hununua oili chafu na kuimwaga barabarani au uwanjani ili kutuliza vumbi. Hao nataka wasikie habari za mji mmoja wa Marekani, katika jimbo la Missouri, jina lake Times Beach.

Mwaka wa 1971, katika jimbo hilo, wenye mahali pa kufugia farasi walimlipa mchukuzi wa oili chafu ili anyunyize uwanja wao, kwa sababu vumbi lilikuwa likiwasumbua farasi. Baada ya siku chache ndege walianza kuanguka wakiwa wamekufa. Kisha farasi waliugua, wakafa kwa makumi, na watoto waliocheza pale wakapata ugonjwa. Wenye farasi hawakujua ya kwamba mchukuzi yule alikuwa amechanganya oili ya magari na taka za kiwanda cha kemikali, na ndani ya taka hizo mlikuwa na sumu kali iitwayo dayoksini.

Mchukuzi huyo huyo alinyunyiza barabara za Times Beach kati ya mwaka wa 1972 na 1976. Sumu ilipotambuliwa mwaka wa 1982, na mafuriko yakaja mwezi wa Desemba mwaka huo huo, watu zaidi ya elfu mbili walipaswa kuhama. Serikali ilinunua nyumba zao zote, na mwaka wa 1985 mji ulifutwa kabisa. Udongo wake ulichimbwa na kuchomwa katika tanuru kubwa.

Sisemi ya kwamba oili ya pikipiki yako ina dayoksini. Nasema ya kwamba oili chafu ikiisha kupita mikono ya watu wawili watatu, hakuna ajuaye kilichotiwa ndani yake. Wewe waona oili tu. Kama mtu ametia maji ya betri, dawa ya kunyunyizia mimea au taka za karakana, rangi yake ni ile ile nyeusi.

DESTURI ZINAZOFAA KUACHWA

Ziko desturi ambazo tumezizoea, na kila moja ina sababu yake, lakini hasara yake ni kubwa kuliko faida.

Kupaka nguzo za ua. Watu hupaka oili ili mchwa wasile nguzo. Mvua huiosha oili ikaingia ardhini kuzunguka nguzo, na ng'ombe huzilamba. Nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, au tumia mtarakwa uliokomaa, au panda ua wa kaiyaba usiohitaji nguzo.

Kupaka mifugo. Wengine hupaka oili chafu nguruwe au mbwa mwenye upele, au kidonda cha ng'ombe. Oili huchoma ngozi, na sumu huingia mwilini. Upele una dawa yake ya halali, tena si ya bei kubwa. Muulize daktari wa mifugo.

Kumwaga chooni. Shimo la choo ni njia fupi ya kwenda kwenye maji ya ardhini. Oili ikitiwa humo hushuka.

Kuwasha moto. Moshi wa oili chafu hubeba chembe za risasi na sumu nyingine. Usiitumie jikoni, wala kuchomea takataka karibu na nyumba.

Kutumia mapipa. Hili ni la hatari sana. Pipa au mtungi uliokuwa na oili au dawa ya karakana hausafishiki kwa sabuni na maji ya moto. Usiweke ndani yake maji ya kunywa, maziwa wala nafaka. Ukinunua pipa sokoni, uliza lilikuwa na nini, na muuzaji asipojua, liache.

Tena uangalie ng'ombe. Ng'ombe hupenda kulamba oili, na betri kuukuu pia. Risasi ya betri huua ng'ombe: kwanza hupofuka, husaga meno, hutembea ovyo, kisha huanguka. Ukimwona ng'ombe amekunywa oili, usimnyweshe kitu kwa chupa, kwa maana oili yaweza kuingia mapafuni. Mtenge na malisho hayo, umwite daktari wa mifugo mara moja.

NAMNA YA KUITUNZA OILI CHAFU

Kazi yenyewe si ngumu. Fuata utaratibu huu:

1. Toa oili injini ikiwa ina joto kidogo, si moto. Weka beseni pana chini, na chini ya beseni tandaza gunia kuukuu.

2. Imimine kwa faneli katika mtungi ule ule uliokuja na oili mpya. Funga kifuniko. Andika juu yake kwa rangi: OILI CHAFU.

3. Filta usiitupe. Iinamishe juu ya beseni usiku kucha mpaka imalize kudondosha.

4. Usichanganye oili na kitu kingine: maji, petroli, maji ya betri, wala dawa za mimea. Oili iliyo peke yake yaweza kusafishwa na kutumika tena. Ikichanganywa, hakuna atakayeitaka.

5. Weka mitungi chini ya paa, juu ya mbao au sakafu ya saruji, mbali na kisima na mbali na watoto.

6. Oili ikimwagika, usiioshe kwa maji na sabuni. Nyunyiza majivu, vumbi la mbao au udongo mkavu, uache inyonywe, kisha uzoe yote na kuyatia katika kopo lenye kifuniko.

7. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Usinawe kwa petroli au dizeli. Kitambaa chenye oili usikiweke mfukoni.

Mkulima mmoja hawezi kumwita mchukuzi wa oili kwa ajili ya lita 8. Lakini wakulima 30 wa chama kimoja waweza kujaza pipa la lita 200 kwa muda mfupi. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba kila chama cha ushirika kiwe na pipa moja lenye kifuniko, chini ya paa, na mtu mmoja wa kuliangalia. Likijaa, chama kimwite mchukuzi mwenye leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Mazingira. Dai kuiona leseni hiyo. Mtu anayekuja usiku na gari lisilo na maandishi, akanunua bila kuuliza neno, huyo ni ndugu wa yule wa Missouri.

Na kwa fundi wa sokoni nenda kwa adabu, si kwa ugomvi. Mwambie achuje vipande vya chuma katika maji yake meupe, aondoe oili inayoelea juu, na asiwaache wafanyakazi kutema mate au kutupa mabaki ya chakula ndani. Akifanya hivyo maji yatakaa muda mrefu zaidi kabla ya kuoza, naye atatumia fedha kidogo. Vipande vya chuma avilaze juu ya wavu vidondoshe kabla ya kuviuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu vikiuzwa vimelowa, mnunuzi ndiye atakayevidondosha barabarani. Maji yakiisha kuharibika ayatie pipani, lakini si katika pipa la oili ya magari.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999, na kanuni za maji na za taka, zakataza mtu kuchafua maji kwa kumwaga taka kama hizi. Katika Mkataba wa Basel wa mwaka wa 1989, ambao Kenya imejiunga nao, oili kuukuu na mchanganyiko wa oili na maji zote mbili zimeandikwa miongoni mwa taka za kuangaliwa. Sheria haimtofautishi mwenye kiwanda na mwenye shamba.

NITAJUAJE KAMA MAJI YANGU YAMEHARIBIKA?

Si kila utando wa rangi ni oili. Katika vinamasi vyenye udongo mwekundu, vijidudu vya kutu huleta utando unaofanana nayo. Chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba, na vipande visirudiane, huenda ni kutu tu. Ukizunguka na kuungana tena nyuma ya kijiti, hiyo ni oili.

Kama ni oili, acha kunywa maji hayo. Kuyachemsha hakuiondoi, wala dawa ya kuua vijidudu haiwezi. Tafuta mahali inapotoka uzibe kwanza, kisha uwaarifu maafisa wa maji na wa mazingira wa kaunti ili wayapime.

Mkulima yule tuliyekwenda naye alilichimbua shimo lake siku ile ile, na udongo mweusi akautia katika mapipa chini ya banda akingoja shauri la afisa wa mazingira. Siku hizi yeye ndiye mwangalizi wa pipa la chama chao, na mafundi wa sokoni wana pipa lao. Utando wa chemchemini umepungua, lakini haujaisha. Mkewe na majirani wake bado huteka maji ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na hakuna awezaye kuwaambia ni lini watarudi kuteka karibu.

Wazee walisema ya kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Oili nayo ni hivyo. Basi, ndugu mkulima, kabla hujafungua nati ya oili Jumamosi hii, hakikisha una beseni chini na mtungi wenye kifuniko kando yako. Na katika mkutano ujao wa chama, simama uulize: pipa letu la oili chafu liko wapi?